Kadi Iliyochechemea

Mpaka leo ukiniuliza yule Fundi alikuwa mtu wa namna gani, nitakujibu, kisha nikishapiga hatua mbili nitarudi kubadilisha jibu. Nimejuana naye miaka mingi. Nimekula kwake, nimemtukana, amenizikia wazazi wote wawili, na bado simwelewi. Wapo wanaosema alikuwa na akili kupita kiasi, wapo wanaosema alikuwa mwongo. Mie nasema yote mawili ni kweli, na kuna la tatu sijalipatia jina.

Alikozaliwa na ukoo wake tuuache, mwenyewe hakuwa akiutaja. Inatosha kujua kwamba alikuwa Mnyamwezi, Mkristo wa bara, aliyeletwa Kibiti na kazi ya serikali. Kazi ikaisha, yeye akabaki. Alipanga chumba kimoja cha mbele karibu na stendi ya mabasi, akatundika kibao kilichoandikwa FUNDI, basi. Fundi wa nini, hakuandika. Ukimuuliza anakwambia, "Leta kwanza, tutajua."

Zilikuwa zama za ruksa, milango ya biashara imeshafunguliwa. Vitu vilikuwa vikishuka kutoka Dar kwa marobota: redio, pasi, feni, mashine zenye maandishi ya nchi tusizozijua, nyingine zimeshakufa kabla hazijafika. Zote ziliishia kwake. Na kabla hajagusa bisibisi alikuwa na swali lake moja. Hakuuliza kimeharibika nini. Aliuliza, "Kilipokuwa kizima, kilikuwa kinafanyaje?" Kuna mama mmoja alileta pasi, akaulizwa hivyo, akaanza kusimulia ndoa yake yote tangu siku ya posa. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Kumbe waya ulikuwa umechomoka tu. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mapema, akasema, "Sasa mtani, yeye alikuja na pasi peke yake?"

Yeye alitengeneza saa za watu, lakini kufika mahali kwa wakati hakujaliwa. Alikuwa akifungua mashine za boti za watu wa delta, kule mto unakomwagikia baharini, na kuzifunga upya, na yeye mwenyewe maji yakimfika magotini anaita jina la mama yake. Jumapili alifunga duka akaenda kanisani. Ijumaa adhuhuri akafunga tena. Watu wakadhani anataka kusilimu, wakaanza kumtafutia jina. Akawaambia, "Wateja wangu wote wako msikitini, nimfungulie nani?"

Na siri! Mtume! Ukitaka jambo lifike Bungu na Ikwiriri kabla ya adhuhuri, mnong'oneze Fundi. Si kwa ubaya, mdomo wake tu haukuwa na mlango. Binti wa jirani alimwambia kwamba amechumbiwa, baba mtu akazisikia habari stendi kwa kondakta. Ilikuwa hivyohivyo kwa vyombo vyake vya kazi: bisibisi, nyundo, misumeno, kila mtu alijichukulia na kurudisha alipokumbuka. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye kuna siri moja na koleo moja vitakavyonivuruga.

Mie na yeye tulikuwa watani. Wanyamwezi na sisi watu wa pwani utani wetu ni wa tangu mababu zao walipokuwa wakiteremka na mizigo, kwa hiyo nilipomjua tu nikamwita mpagazi, naye akaniita mla kaa, tukaelewana. Mtani humkasirikii. Akiingia jikoni kwako akafunua chungu, unacheka. Akikwambia sura yako imekaa kama imetengenezwa na fundi mlevi, unamrudishia. Na msiba ukifika, mtani ndiye anayebeba yale ambayo ndugu hawawezi kuyabeba.

Baba yangu alipofariki kwetu Salale, Fundi alikuja. Yule mwoga wa maji alipanda boti, akashikilia ubao kwa mikono miwili safari nzima, akafika amekauka midomo. Siku ya kuanua matanga akaingia chumbani, akatoka amevaa kofia ya baba, ameshika fimbo ya baba. Baba alikuwa akichechemea. Alianguka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokalia kulinda mpunga na nguruwe, mguu haukupona sawasawa. Basi Fundi akauzunguka uwanja anachechemea vilevile, anasimama palepale baba alipokuwa akisimama, anafuta jasho shingoni kwa mkono wa kushoto, anagomba kwamba chai imepoa. Nilimwona mama, aliyekuwa hajala siku tatu, akicheka mpaka kanga ikamdondoka, huku machozi yanatiririka. "Ndiye!" anasema. "Ndiye huyo! Hata mguu!"

Baadaye nikamwambia Fundi kuwa ule mguu umenichoma. Akanitazama kama aliyeshangazwa. "Ningetembea vizuri," akasema, "mngenijua ni nani?"

Wakati huo nilikuwa msichana, karani wa mradi mmoja wa wageni pale Kibiti. Wageni wale walikuja kupima mashamba ya mpunga ya delta, kila mkulima na shamba lake, kila shamba na namba yake, na kila mwenye shamba akapewa kikadi chenye namba. Ramani yote waliiweka kwenye kompyuta, mashine nzito yenye kioo cha rangi ya chungwa, inayokula mafuta ya jenereta utadhani lori. Wanawake wa Salale, ambao namba hawakujua kuzisoma, walipokuwa wakija Kibiti walipenda kuja kutazama mashamba yao humo. Mradi ukafika mwisho wake, wageni wakaondoka na makaratasi yao yote. Wakaacha meza, kabati, kompyuta, na mie na ufunguo wa ofisi.

Kisha akaja mwekezaji. Alitaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, na pahala alipopapenda ni palepale kwenye mpunga wetu. Wakubwa wa serikali wakasema hakuna neno, ila wenye mashamba yaliyopimwa waheshimiwe. Eneo ambalo halina mwenyewe kwenye ramani ndilo atakalopewa. Wakapanga siku ya kuja kuiona hiyo ramani. Kila mkulima aje, aguse shamba lake kwenye kioo kwa kidole, bila kuambiwa na mtu, na namba ilingane na kikadi chake. Atakayekosea, shamba si lake. Namna hiyo tu.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nikawasha kompyuta. Ikalia kama kawaida yake, taa ikawaka, kioo kikawa cheusi tii. Nikazima, nikawasha. Giza. Nikakimbia kwa Fundi miguu peku, viatu nimevisahau ofisini.

Aliifungua, akatoa ubao mmoja mwembamba wenye vidude vyeusi vyenye miguu mingi, akaunusa. "Kadi ya picha imekufa," akasema. "Chumvi ya hewa yenu imeila." Mie nikashusha pumzi: si tununue nyingine? Akaenda Kariakoo, akarudi na kadi mpya ing'aayo, na akaapa kwamba hii ni bora mara kumi kuliko ya zamani. Akaichomeka. Maandishi yakatokea, nikapiga vigelegele. Tukaifungua ramani. Giza.

Sasa hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Kadi ni mpya, ni bora, kioo kinawaka, ramani imo ndani, na haionekani. Nikamwambia, "Mpagazi wee, umenunua kadi mbovu."

"Si mbovu. Haifahamiani na programu."

"Si uwafahamishe!"

Akanieleza. Programu ya ramani, alisema, ni kama mtu aliyezoea kupeleka barua kwenye nyumba moja kila siku. Nyumba ile imebomolewa. Kadi mpya imejenga mtaa wa pili, nyumba nzuri ya bati, lakini mpeleka barua hajui, anazitupa palepale pa zamani na hakuna wa kuzipokea. Wale walioitunga programu wameshakwenda kwao, hakuna wa kumwambia mpeleka barua abadili njia. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa. Sikuelewa. Nikasema kwa hasira tu, "Basi tafuta mtani wa hiyo kadi iliyokufa, aje avae kofia yake!"

Fundi akaweka chini kikombe cha chai. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Na siku kumi zilizofuata hakutengeneza redio ya mtu. Alichukua ubao mtupu, akakusanya vidude kutoka kwenye kadi ile iliyokufa, kwenye televisheni mbili na mashine nyingine nisiyoijua, akakaa anayeyusha risasi ya kuungia waya na kunusa moshi. Alikuwa akitengeneza kadi mpya kabisa, itakayokaa mahali pa marehemu, iitike kwa jina la marehemu, ihesabu mistari kama marehemu, kisha yenyewe iichore picha kwenye kioo. Nilimwuliza kama programu haitagundua kwamba inadanganywa. Akasema programu haina macho, ina mazoea tu. Sijui kama lile lilikuwa jibu.

Siku ya kumi na moja ramani ikatokea. Nilimkumbatia, Mungu anisamehe, mbele ya watu wa stendi.

Bi Tatu wa Salale, mwanamke mwenye sauti kuliko wote delta, alikuwa Kibiti na wenzake wawili. Nikawaita wajaribu. Bi Tatu akainamia kioo, akakodoa macho, akaguna. Akanyoosha kidole, akagusa. Nikatazama namba. Si lake. Wa pili naye akakosea. Wa tatu akakataa kugusa.

"Hapa si kwetu," Bi Tatu akasema. "Mto uko wapi?"

"Ndio huu," nikamwonyesha ule mstari mwembamba uliochorwa juu.

"Huo uzi? Mwanangu usinichezee! Mto wetu ni mpana, mweusi, unapita hapa katikati. Mie shamba langu ni la pili juu ya mto. Umeupeleka wapi mto?"

Ala! Nikamtazama Fundi, naye ananitazama. Ikanijia polepole. Kwenye kile kioo, tangu siku ya kwanza, kulikuwa na ukanda mweusi uliokatiza katikati ya ramani. Hata mie niliuzoea. Fundi akaichukua kadi ya zamani, akaigeuza, akagonga kidude kimoja kwa ukucha. Kidude hiki, akasema, kilikuwa kimekufa tangu zamani, kabla hata kadi haijaja kwenu. Kila kilichoandikwa humo kilipotea. Wanawake wa watu wakauona ukanda mtupu, wakajua ni mto, na miaka yote wakajifunza mashamba yao kwa kuhesabu kutoka kwenye ugonjwa wa kadi.

"Nimemwigiza marehemu bila mguu wake," Fundi akasema.

Lakini mie nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nikitazama pale ukanda ulipokuwa zamani. Palikuwa na shamba, moja, dogo, na ndani yake namba arobaini na moja. Arobaini na moja ndiyo namba ya kikadi cha mama yangu.

Ni lazima uelewe. Mama alipimiwa kama wenzake, kikadi akapewa, lakini kwenye kioo shamba lake halikuonekana kamwe. Tuliwauliza wageni, wakasema watatazama, wakaondoka hawajatazama. Wenzake wakamtania kwamba shamba lake limezama, limo mtoni na mamba, naye akacheka nao. Shamba lile ndilo alilonilelea. Dungu lililomvunja baba mguu liko pale. Na kumbe lilikuwemo miaka yote chini ya weusi.

Nikalia. Fundi akasema nisilie, kuna njia. Akaifungia kadi swichi moja ndogo. Ukiibonyeza huku, ukanda unarudi na mto wa Bi Tatu unatiririka. Ukiibonyeza kule, ukanda unaondoka na shamba la mama linatokea. Siku ya wakubwa tutaanza na mto, wanawake wote waguse mashamba yao. Wa mwisho awe mama. Hapo Fundi anabonyeza, na arobaini na moja inatokea mbele ya wote. Nikaona huyu mtu Mungu kamleta.

Wanawake walifika Kibiti siku moja kabla, kwa boti kisha kwa lori, wakalala kwangu, wamejaa mpaka ukumbini. Nikamweleza mama habari ya swichi, nikidhani atarukaruka. Hakuruka. Aliniuliza maswali. Picha itabadilika wakitazama? Ndiyo. Na yule bwana wa kamba atakuwepo? Atakuwepo. Akasema, "Haya, mama."

Asubuhi nilimwachia Fundi ufunguo aandae mashine. Mama akaondoka mapema na kopo la uji, anasema anampelekea mtani wake. Nikasikia jenereta la ofisini likinguruma kabla ya wakati, nikasema moyoni, leo Fundi amewahi, mvua itanyesha.

Wakubwa wakaja. Mwekezaji akaja, kijana nadhifu, viatu vyake havikutaka vumbi letu. Mie nimekaa kwenye mashine, Fundi amesimama nyuma yake. Wanawake wakapita mmoja mmoja. Bi Tatu alihesabu kwa sauti, la kwanza juu ya mto, la pili, hili! Namba ikalingana. Wakapita wote, hakuna aliyekosea hata mmoja. Mwekezaji alikuwa akitazama kioo kwa makini sana, kila mara anamwuliza mwenzake kama picha ile haichezewi. Mwenzake akasema mbona imetulia palepale tangu asubuhi.

Akaja mama. Nikamtazama Fundi. Mikono yake ilikuwa mfukoni.

Nikamkonyeza. Akatazama dari. Nikamwambia kwa mdomo bila sauti, bonyeza! Akanong'ona, "Swichi imegoma."

"Mama, shamba lako liko wapi?" mkubwa mmoja akauliza.

Nikainuka kwenye kiti. Mama akaniwekea mkono begani. "Kaa, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia yule mkubwa, kwa upole kabisa. "Langu mie limo mtoni."

Bi Tatu na wenzake wakaangua kicheko, ule utani wao wa siku zote. Mkubwa naye akatabasamu, akaandika. Ikawa imekwisha.

Walipoondoka niliifungua ile mashine mwenyewe. Swichi ilikuwa inaning'inia. Waya wake mmoja ulikuwa umekatwa, na ncha yake ilikuwa imebanwa safi kwa koleo, haikuoza wala kuchomoka. Nikamwuliza Fundi nani kaukata. Akasema swichi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Nikamwonyesha waya. Akasema, "Basi ni panya." Panya mwenye koleo! Nilimtukana siku ile matusi ambayo hata mtani hapaswi kutukanwa. Akayapokea yote. Nikamtaka aiunge tena nikawaonyeshe wakubwa, akakataa. Mtu aliyekuwa hawezi kukataa kuazima nyundo, alinikatalia mie.

Mashamba ya Salale yakaheshimiwa yote, ila moja. Vigingi vya mwekezaji vikapigwa kwenye shamba la mama. Alichimba bwawa nusu, akaishiwa hamu au kitu gani sijui, akaondoka, pakabaki maji ya chumvi na mikoko imejiotea. Mama akawa analima kipande kwa Bi Tatu, kama mgeni. Nilipomwuliza alijibu, "Yamekwisha, mama. Watu wanakula." Sikuelewa. Nilidhani ni uzee umeanza.

Na Fundi naye akazidi kunichanganya. Lile koleo lake lenye mpini mmoja uliozungushiwa mpira wa baiskeli, alilining'iniza ukutani kwenye msumari tangu siku ile. Hakulitumia tena na hakumwazima mtu. Kazi zinazotaka koleo alizifanya kwa meno. Nikajisemea, hiyo ni dhambi inamtazama kutoka ukutani. Nikakaa muda mrefu nampita stendi bila salamu. Lakini utani una sheria yake. Siku moja nilipita na chupa ya mafuta ya taa, akanipigia kelele, "Mla kaa, hata mwendo wako siku hizi unaenda upande!" Nikacheka kabla sijajizuia. Tukarudiana, ila jambo lile likabaki katikati yetu.

Mama alipofariki alikuja tena kwa boti, ameshikilia ubao vilevile. Siku ya kuanua matanga akatoka chumbani amejifunga kanga za mama. Akatembea kama mama, akapepeta kama mama, akamsuta Bi Tatu kwa sauti ya mama mpaka Bi Tatu akajibu kwa kusahau. Watu hawana mbavu. Kisha akafanya kitu ambacho sikukijua. Akachuchumaa, akanyoosha kidole kimoja, akagusa hewa taratibu. Halafu akakunja mikono yote miwili pamoja, akafumba macho, akaminya.

"Kumbe laini!" akasema kwa sauti ya mama.

Watu wakacheka. Mmoja akasema mama alikuwa akibana dafu, mwingine akasema anakata mkia wa samaki. Mie mama yangu namjua, na hilo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilikereka. Nikaona Fundi ameishiwa, anatunga.

Miaka ikapita juu ya hayo. Kibiti ikapata lami, ikapata umeme, bodaboda zikajaa pale alipokuwa na chumba chake, naye akahamia uani kwa sababu mbele kodi ilimshinda. Macho yakaingia ukungu. Hivi majuzi nilimpelekea mchele wa Salale. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio mapajani, anaipapasa ndani kwa vidole kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Huyo ni mla kaa," akasema kabla sijabisha hodi. "Kaa hapa. Una umri gani sasa?"

"Mwanamke haulizwi, mpagazi wee."

"Mie nakuuliza."

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Kisha akasema, "Basi umeupita. Mama yako aliniambia, mwanangu akifika umri wangu huu wa leo ndipo umwambie, kabla ya hapo hatonielewa. Nimekuwa nikihesabu. Niliogopa nitakufa kwanza."

Nikauweka chini ule mchele.

Akaniambia. Asubuhi ile mama alifika ofisini na uji. Hakuuweka chini, alisema moja kwa moja: picha inayobadilika wakati watu wanaitazama, ni nani ataiamini? Yule bwana wa kamba anatafuta neno dogo tu la kusema ramani hii ni kiini macho. Akilipata, hakuna shamba litakalobaki, la Bi Tatu wala la mtu mwingine. Shahidi asiwe na maneno mawili. Fundi akabishana naye. Akamwambia tutaunga waya baadaye, wakishaondoka, tuwaite tena. Mama akamwuliza, wakija tena wakaikuta ramani ni nyingine, tutakuwa tumewaambia nini mara ya kwanza?

"Nikampokea kopo la uji," Fundi akasema. "Akaniomba kitu kimoja. Alitaka alione shamba lake kwanza. Nikawasha jenereta, nikabonyeza, nikamwonyesha. Akachuchumaa mbele ya kioo akaligusa kwa kidole. Akaniuliza dungu liko upande gani. Mie najua dungu liko upande gani? Nikamwambia huu hapa. Akaliangalia sana. Kisha akasema kata."

"Ukakata," nikasema.

Akatikisa kichwa kukataa. Akapapasa ukutani nyuma yake, akalishusha lile koleo kwenye msumari, akaliweka mapajani kwangu. Lilikuwa zito, lina kutu.

"Mikono yangu ilikataa, mtani. Mie nilimshikia ubao wa kadi tu."

Nikalishika koleo. Nikaliminya mara moja. Liligoma kidogo, kisha likafumba. Nikajikuta nimefumba macho na mie, na Fundi, ambaye haoni, akasema kwa sauti ileile ya mama yangu, kwa upole kabisa, kama anayeogopa kuniamsha:

"Kumbe laini."